Kanda za Nixon: muhula wa pili ulipangwa huku rekoda inazunguka

Ukimtajia mtu Richard Nixon, aliyekuwa rais wa Marekani, atakwambia Watergate, ukimuuliza Watergate ni nini atakwambia ni jengo la pale Washington, jamaa waliingia usiku kwenye ofisi za chama pinzani wakadakwa, rais akaficha, mambo yakafumuka, akajiuzulu. Ni kweli yote, ila ni kama kuelezwa habari za mafiga bila kuoneshwa chungu. Maana lile swali kubwa linabaki palepale: huyu mtu alikuwa anashinda, tena anashinda kwa mbali mno, Novemba 1972 alichukua majimbo 49 kati ya 50 na asilimia 60 na ushee ya kura zote, mpinzani wake George McGovern akaambulia Massachusetts na mji mkuu basi, sasa alikuwa anahangaikia nini?

Jibu lipo kwenye kanda. Siyo ile kanda moja iliyomng'oa tu, namaanisha lile rundo zima, saa kama 3,700 za mazungumzo yake mwenyewe na watu wake, zilizonaswa kati ya Februari 1971 na Julai 1973. Ukizifuata kwa mpangilio wa tarehe badala ya kuruka kwenye vipande maarufu unakuta kitu kingine kabisa, unakuta rais anaupanga muhula wake wa pili, na mpango wenyewe haukuwa barabara wala shule wala kodi, ulikuwa watu. Nani abaki, nani atoke, na hasa nani aliwahi kumwambia hapana.

Tuanze na mtambo wenyewe kwa sababu bila kuuelewa huwezi kuelewa kwa nini watu wazima, wengi wao mawakili, waliongea vile.

Kurekodi ikulu ya Marekani hakukuanza na Nixon. Roosevelt alijaribu mwaka 1940, Kennedy alirekodi, Johnson alirekodi sana. Nixon alipoingia 1969 aliagiza mitambo ya Johnson ing'olewe, hakuitaka. Miaka miwili baadaye akabadili mawazo, Februari 1971 walinzi wa Secret Service wakatoboa meza yake ya Oval Office, ile ofisi rasmi ya rais, wakaficha maikrofoni 5, nyingine 2 wakazitega kwenye taa za ukutani karibu na sehemu ya kuotea moto, nyaya zikashuka hadi chumba cha chini zilikokuwa rekoda. Aprili wakaongeza kwenye simu na kwenye ofisi yake ya pili kwenye jengo la jirani, ile aliyokuwa anaipenda akitaka kukaa na kutafakari, na Mei 1972 wakafunga Camp David kule milimani Maryland anakoenda rais kupumzika.

Sasa kitu cha muhimu ni hiki. Kennedy na Johnson walikuwa na swichi, wakitaka kurekodi wanawasha, wakimaliza wanazima, kwa hiyo kila mara walijua. Nixon hakuwa mtu wa mashine hata kidogo, mikono yake ilikuwa mizito kwenye vitu vya kubonyeza, kwa hiyo mkuu wa utumishi wake H.R. Haldeman akaona bora mtambo ujiwashe wenyewe ukisikia sauti. Ukumbi wa mikutano ya mawaziri tu ndo ulikuwa wa kuwashwa kwa mkono. Kwingine kote mtu akikohoa, rekoda inazunguka. Matokeo yake ni kwamba baada ya wiki chache hata mwenyewe alizoea, na ukisikiliza unaona kabisa kwamba kwa masaa na masaa hakumbuki kama kuna kitu kinamsikia. Henry Kissinger, mshauri wake wa usalama wa taifa, hakujua. John Ehrlichman, mtu wake mkubwa wa mambo ya ndani, hakujua. Waliojua ni Haldeman na msaidizi wake, Alexander Butterfield aliyesimamia kufungwa kwa mtambo, na mafundi wachache.

Na kuna kitu watu wanachanganya sana hapa, wanadhani kosa lilikuwa kurekodi watu kwa siri. Hapana. Sheria yao ya shirikisho inaruhusu mazungumzo kurekodiwa kama mmoja wa wanaoongea ameridhia, na rais alikuwa ameridhia. Alitaka kumbukumbu ya kazi yake, aje aandikie kitabu chake, na asije mtu kesho akadai alishauri hivi kumbe alishauri vile. Mtambo ulikuwa halali, kilichonaswa ndani yake ndo kikawa balaa.

Ubora wa sauti ni mbovu kweli. Kanda zilikuwa nyembamba na zilizungushwa polepole mno ili moja idumu muda mrefu, kwa hiyo kikombe kikiwekwa mezani kinafunika sentensi nzima, na zile za ofisi ya pili saa ingine unasikia mvumo tu. Wanahistoria wamebishana miaka na miaka juu ya neno moja moja. Lakini ukishazoea masikio yanakubali, na hapo unakutana na tatizo la pili ambalo kwangu ndo kiini cha mada nzima: Nixon aliongea vibaya kila siku, sasa utajuaje hii ni hasira tu ya mtu aliyechoka na hii ni amri?

Chukua mfano wa Brookings, taasisi ya utafiti ya pale Washington. Mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai 1971, baada ya zile nyaraka za siri za vita ya Vietnam kuvuja magazetini, Nixon anasikika akiagiza, siyo mara moja, kwamba watu waingie Brookings kwa nguvu, kasiki lifunguliwe, mafaili yaletwe. Anapandisha sauti. Na Brookings haikuvunjwa, Haldeman na wenzake walikuwa na kawaida ya kuacha maneno mengine yapoe. Mtu anaweza kusema basi, ilikuwa maneno tu. Lakini miezi miwili baadaye, Septemba 1971, kikosi kilichoundwa ikulu kiliingia kweli kwenye ofisi ya daktari wa akili wa Daniel Ellsberg, yule aliyevujisha nyaraka, huko Beverly Hills. Kwa hiyo hasira za bosi hazikuwa zinapotea hewani, zilikuwa zinatafuta mtu wa kuzipokea.

Kipimo ninachotumia mimi ni rahisi: je neno lilitoka kwenye kanda likaenda kwenye karatasi, halafu karatasi ikafika mezani kwa mtu mwenye mamlaka ya kulitekeleza? Likifika huko siyo hasira tena. Na hakuna mahali panapoonesha hili vizuri kama habari ya mamlaka ya kodi, IRS, habari ambayo sijui kwa nini haisimuliwi sana, mimi naona ina uzito kuliko hata ule wizi.

Tarehe 13 Mei 1971 Nixon anaongea na Haldeman na Ehrlichman juu ya kumtafuta kamishna mpya wa kodi. Anataja sifa anazotaka, bila kuficha: awe katili, atii anachoambiwa, fomu yoyote ya kodi ambayo rais anataka kuiona aione, awashughulikie maadui na awaache marafiki. Hivohivo. Aliyepatikana ni Johnnie Walters, wakili wa kodi kutoka South Carolina, akaanza kazi Agosti mwaka huohuo. Septemba 11, 1972, ikiwa imebaki kama miezi miwili uchaguzi ufike, Walters anaitwa na John Dean, mwanasheria wa ikulu, anakabidhiwa orodha ya majina karibu 490, wafanyakazi na wachangiaji wa kampeni ya McGovern. Achunguzwe kila mmoja. Walters akamwambia Dean kwamba hili jambo litakuwa janga, akaenda nalo kwa bosi wake, waziri wa fedha George Shultz, na Shultz akamwambia asifanye kitu. Orodha ikafungiwa kwenye kasiki.

Fikiria hao watu wawili. Siyo wapinzani, siyo wanaharakati, walichaguliwa na Nixon mwenyewe na walikuwa wanampenda ashinde. Walikataa tu kufanya kitu ambacho waliona siyo kazi yao. Majina 490 ya raia, walimu, wafanyabiashara, wasanii, sijui nani na nani, wakaendelea kulala usingizi bila kujua kitu, kwa sababu mtu mmoja alifunga kasiki.

Siku nne baadaye, tarehe 15 Septemba 1972 jioni, Dean yuko Oval Office na Nixon na Haldeman. Ni siku ambayo watu saba wa Watergate wameshtakiwa mahakamani, na ikulu imefurahi sana kwa sababu mashtaka yameishia chini, kwa wale walioingia na wasimamizi wao wawili, hayajapanda juu. Nixon anampongeza Dean kwa kuziba nyufa. Halafu mazungumzo yanageuka kwenda mbele, baada ya uchaguzi. Dean anasema amekuwa akiandika kumbukumbu za watu wanaojitokeza kuwa siyo marafiki. Nixon anataka kumbukumbu kamili za wote waliojaribu kuwamaliza, maana anasema hawakulazimika kufanya hivo, wamejitakia na watapata. Anasema kwenye miaka hii minne ya kwanza hatujatumia nguvu tuliyo nayo, hatujaitumia FBI, hatujaitumia wizara ya sheria, lakini sasa mambo yatabadilika. Gazeti la Washington Post litapata shida kubwa, anasema, lina vituo vya televisheni na leseni zake zinakuja kuhuishwa. Na kuhusu Shultz na yale mambo ya kodi Nixon anawaka kweli, anasema Shultz hakupewa wizara ya fedha kwa sababu ya macho yake mazuri ya bluu, na kama atakataa basi atatolewa.

Mimi hapo ndo nilipoelewa. Watergate ilifichwa kwa sababu mlango wa muhula wa pili ulikuwa umebakiza wiki saba tu kufunguka, na ndani ya muhula huo kulikuwa na hesabu za kulipa. Katiba yao inamruhusu mtu mihula miwili tu tangu marekebisho ya mwaka 1951, kwa hiyo akishashinda wa pili hana tena kura ya kuomba kwa mtu yeyote. Wengine wanaona hiyo ni nafasi ya kufanya mema bila woga, yeye kwenye ile kanda anaiona pia kama nafasi ya kufanya mengine bila woga.

Lazima niseme pia upande wa pili kwa sababu ni haki. Mpango wa muhula wa pili ulikuwa na sura yake halali na ya maana. Nixon aliamini, na marais wengi kabla na baada yake wameamini, kwamba serikali kuu imekuwa jitu lisilosikia, waziri unamteua leo baada ya mwaka ameshamezwa na wizara yake, anakuja kuiongelea wizara kwako badala ya kukuongelea wewe kwa wizara. Hilo ni tatizo la kweli. Dawa yake ilikuwa kupanga upya juu kabisa: Januari 1973 akatangaza mawaziri watatu wawe na kofia mbili, Earl Butz wa kilimo asimamie na maliasili zote, Caspar Weinberger mambo ya huduma za watu, James Lynn maendeleo ya miji na jamii, na Shultz, ambaye kumbe hakutolewa, akapewa kuratibu uchumi wote. Ungeweza kukaa na wataalamu wa utawala ukajadili huo mpango siku nzima na wengine wangekubali.

Ila kwenye kanda hizo sura mbili hazitengani. Ni sauti zilezile, chumba kilekile, siku nyingine ni dakika zilezile.

Tarehe 8 Novemba 1972, asubuhi ya baada ya ushindi, wafanyakazi wa ikulu na mawaziri wakaitwa. Watu hawajalala, wamesherehekea usiku kucha, wanategemea asante. Nixon anaongea kidogo anatoka, Haldeman anabaki anawaambia kila mmoja aandike barua ya kujiuzulu. Wote. Baadaye sana Nixon mwenyewe alikiri kwenye kumbukumbu zake kwamba lilikuwa kosa, liliwavunja mioyo watu waliomjengea ushindi. Kisha akapanda Camp David na kwa wiki kadhaa helikopta zikawa zinapanda na kushuka, mtu anapelekwa akijua yeye ni waziri anarudi hajui ni nani. George Romney wa nyumba na makazi akaondoka, Melvin Laird wa ulinzi akaondoka, Elliot Richardson akatolewa afya na elimu akapelekwa ulinzi, George Bush yule mkubwa akatolewa Umoja wa Mataifa akapewa uenyekiti wa chama.

Na Richard Helms, mkurugenzi wa CIA, akaambiwa tarehe 20 Novemba kwamba muda wake umeisha, akaishia kuwa balozi Iran. Huyu mkumbuke kwa sababu ya kilichotokea tarehe 23 Juni 1972, siku sita tu baada ya wale jamaa kudakwa Watergate. Siku hiyo Haldeman anamwambia Nixon FBI wanafuatilia hela za wale wezi na hela zinaelekea kwenye kampeni, na Nixon anakubali kwamba CIA iwaambie FBI wakae mbali, kisingizio kiwe usalama wa taifa. Helms na naibu wake Vernon Walters wakaitwa (huyu ni Walters mwingine, siyo wa kodi, majina yamegongana tu), ujumbe ukapelekwa, uchunguzi ukasimama kidogo, halafu FBI wakaomba CIA waandike kwa maandishi kwamba kuna operesheni yao itaharibika, na CIA hawakuandika. Tena ni habari ileile, mtu anaombwa saini, haweki. Helms alikuwa ameitumikia CIA tangu ilipoanza.

Mwezi mmoja baada ya ushindi, Desemba 14, Nixon anaongea na Kissinger. Paris mazungumzo ya amani ya Vietnam yamekwama, siku chache zijazo ndege zitaanza kuipiga Hanoi kipindi cha Krismasi. Na huyu rais ambaye ameshinda majimbo 49 anamwambia Kissinger asisahau kamwe kwamba vyombo vya habari ni adui, wakubwa wa nchi ni adui, maprofesa ni adui, hilo la maprofesa aliandike ubaoni mara 100. Ushindi haukumpunguzia kitu. Nilitegemea kwenye kanda za Novemba na Desemba nikute mtu ameshusha mabega, hayupo.

Hiyo Vietnam nayo ina kanda yake inayoniuma kuliko zote. Tarehe 3 Agosti 1972, kampeni imepamba moto, Nixon na Kissinger wanajadili kama Vietnam Kusini inaweza kusimama yenyewe wakiondoka. Nixon anasema labda haiwezi. Kissinger anasema inatakiwa ipatikane namna ya kuishikilia mwaka mmoja au miwili, baada ya hapo hakuna atakayejali. Wanaongea kwa utulivu, kama watu wanaojadili lini waezue paa. Mkataba ulisainiwa Paris Januari 27, 1973, wiki moja baada ya Nixon kuapishwa tena, na Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, ilianguka Aprili 30, 1975. Wamarekani zaidi ya 58,000 walikufa kwenye ile vita yote, Wavietnam ni wengi mara nyingi zaidi, na hapo kwenye kanda kalenda inayoangaliwa ni ya uchaguzi.

Na kuna kanda inayotuhusu sisi moja kwa moja. Oktoba 25, 1971 Umoja wa Mataifa ulipiga kura kuiingiza China ya Beijing na kuitoa Taiwan, kura 76 kwa 35, Marekani ikashindwa. Wajumbe wa Tanzania wakiwa na balozi wao Salim Ahmed Salim walishangilia, wakacheza mle ukumbini. Kesho yake gavana wa California, Ronald Reagan, akampigia simu Nixon akiwa na hasira, akawaita wale wajumbe wa Afrika nyani ambao hata viatu hawajazoea kuvaa, na Nixon anasikika akicheka, halafu siku ileile anamsimulia waziri wake wa mambo ya nje. Kanda hiyo ilipotolewa mara ya kwanza mwaka 2000 kile kipande kilikatwa kulinda faragha ya Reagan aliyekuwa bado hai, umma ukaja kukisikia 2019. Salim ndo yuleyule aliyegombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa 1981 na Marekani ikamwekea veto. Mimi sisemi simu ya 1971 ndo iliandika veto ya 1981, nasema tu kwamba watu wetu walikaa kwenye vile viti wakifanya kazi yao ya kibalozi kwa heshima zote, na huku kwenye simu ya wakubwa wanaitwa hivo, na tungekuwa hatujui mpaka leo kama isingekuwa ile rekoda.

Nirudi kwenye muhula wa pili, ambao ulianza Januari 20, 1973 na ukaanza kuoza kabla mvua za masika hazijaisha huku kwetu. Wale wezi walitaka hela za kukaa kimya. Machi 21 Dean anaingia Oval Office anamwambia Nixon kuna saratani inakua ndani ya urais, hela zinaweza kufika dola milioni moja kwa miaka miwili, na Nixon hasemi toka na upuuzi huo, anasema milioni moja inaweza kupatikana. Aprili 30 Haldeman na Ehrlichman wakajiuzulu, Dean akafukuzwa, na usiku ule Nixon baada ya kuhutubia taifa anaongea kwa simu na Haldeman, sauti imelegea, anamwambia anampenda kama ndugu yake. Ni kanda ngumu kusikiliza hata kama humpendi huyo mtu. Mei ule mpango wa mawaziri wa kofia mbili ukafutwa kimyakimya, ulikuwa umedumu miezi minne.

Mtambo wenyewe uligundulika kwa swali moja la kawaida kabisa. Ijumaa Julai 13, 1973 wachunguzi wa kamati ya seneti iliyoongozwa na Sam Ervin walikuwa wanamhoji Butterfield faragha, mmoja wao akauliza kama kulikuwa na mitambo ya kurekodi. Butterfield hakutaka kusema uongo. Jumatatu tarehe 16 akarudia mbele ya televisheni nchi nzima ikiangalia. Nixon alikuwa hospitali na nimonia, washauri wake wakabishana kitandani kwake na nje ya chumba, kanda zichomwe au zisichomwe, na hazikuchomwa.

Kilichofuata ni mwaka mzima wa kuvutana na hapa nitaenda haraka kwa sababu ndo sehemu inayojulikana. Mwendesha mashtaka maalumu Archibald Cox alidai kanda, Nixon akataka afukuzwe, na Jumamosi Oktoba 20, 1973 yuleyule Elliot Richardson, safari hii akiwa mwanasheria mkuu, akakataa kumfukuza akajiuzulu, naibu wake William Ruckelshaus naye akakataa, mpaka wa tatu ndo akasaini. Ikaja kanda ya Juni 20, 1972 yenye dakika 18 na nusu zilizofutika, wataalamu wakasema ilifutwa kwa vipande visivyopungua vitano. Aprili 1974 ikulu ikatoa maandishi kurasa zaidi ya 1,200, matusi yote yameondolewa na kuwekwa alama kwamba tusi limefutwa, na hata wafuasi wake wakashtuka kwa sababu waliona alama hiyo kila ukurasa.

Hoja ya Nixon mahakamani ilikuwa kwamba rais lazima awe na siri na washauri wake, la sivyo hakuna atakayemshauri ukweli. Ni hoja nzito, na mahakama yao ya juu kabisa Julai 24, 1974 ilikubali kwamba siri hiyo ipo kikatiba. Lakini ikasema, majaji wote 8 kwa sauti moja na watatu kati yao aliwateua yeye, kwamba siri hiyo haiwezi kushinda mahitaji ya ushahidi kwenye kesi ya jinai. Siku chache baadaye kamati ya bunge ikapitisha hoja tatu za kumshtaki, ya pili inahusu matumizi mabaya ya madaraka na ndani yake ile habari ya kodi imo, maana Johnnie Walters baada ya kuacha kazi aliipeleka ile orodha yake ya kasikini kwa kamati ya bunge. Agosti 5 kanda ya Juni 23 ikawa hadharani, Agosti 9 Nixon akaondoka.

Baada ya hapo bunge lilitunga sheria Desemba 1974 kuzishika kanda zote zisiende nyumbani kwa Nixon, maana kabla ya hapo rais akitoka anabeba makaratasi yake kama mali yake. Mwaka 1978 ikatungwa nyingine kwamba nyaraka za rais ni mali ya umma. Yeye akapigana mahakamani mpaka alipofariki 1994, mwanahistoria Stanley Kutler akashtaki ili zifunguliwe, zikafunguliwa kidogokidogo, fungu la mwisho Agosti 2013, leo kama saa 3,000 ziko wazi kwa mtu yeyote mwenye intaneti na uvumilivu, zingine bado zimefungwa kwa sababu za usalama na faragha za familia.

Na ukifika Julai 1973 unakuta mwisho. Siku mbili baada ya Butterfield kutoa ushahidi, tarehe 18, mafundi walizima mtambo wakang'oa nyaya. Nixon alibaki ikulu miezi 12 na zaidi baada ya hapo, akamfukuza Cox, akampoteza makamu wake, akapigania kila karatasi, akaandika barua ya mstari mmoja ya kujiuzulu, na katika yote hayo kule chini rekoda zilikuwa zimesimama.